Hesabu na Wimbo katika Tanuri la Wahaya

Mwaka 1976, katika kijiji cha Nyungwe huko Buhaya, mkoani Kagera, wazee kadhaa walichimba shimo la duara, wakalikandika kwa udongo wa kichuguu, kisha wakaanza kujenga tanuri la kuyeyushia chuma. Kazi hiyo walikuwa hawajaigusa kwa takriban nusu karne. Walikuwa bado vijana wakati majembe na vyuma vya bei nafuu kutoka Ulaya vilipojaa madukani na matanuri ya baba zao yakapoa. Sasa mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, aliyekuwa akitembea vijiji vya Buhaya tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 akisikiliza simulizi za wazee, alikuwa amewaomba wayawashe tena.

Shimo walilijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa hadi yakawa meusi. Juu yake wakasimamisha ukuta wa tanuri kwa mabonge ya mavi ya chuma, yale mabaki ya uyeyushaji wa zamani ambayo mkulima wa Buhaya hukutana nayo shambani, wakayashikanisha kwa matope ya kichuguu. Udongo wa mchwa haukuchaguliwa kwa bahati: unastahimili moto ambao ungepasua udongo wa kawaida. Kuzunguka tanuri wakapenyeza mabomba manane ya udongo, kila bomba likipokea hewa ya mivukuto ya ngozi. Midomo ya mabomba hawakuiachia ukutani. Waliisukuma ndani ya tanuri, kuelekea kwenye moto wenyewe. Mawe ya chuma yalikuwa yamekwisha kuchomwa pembeni kwa kuni ili yapungue maji na yavunjike kwa urahisi. Kisha mkaa ukamiminwa, na mawe, na mkaa tena.

Kabla ya moto kuwashwa, palikuwa na kazi nyingine ambayo haikupungua uzito kuliko hiyo. Chini kabisa, kwenye sakafu ya shimo, kilichimbwa kijishimo na ndani yake zikawekwa dawa. Kwa wahunzi wa Buhaya tanuri ni mwanamke, na chuma kinachotoka humo ni mtoto. Kwa hiyo muda wote wa kazi wanaume walijitenga na wake zao, maana kwenda kwa mke ni kumsaliti yule wanayemsubiri ajifungue. Nyimbo za wavukutaji nazo zilikuwa nyimbo za ndoa na uzazi.

Fundi yeyote ataona kwamba nyimbo hizo zilifanya pia kazi ya mikono. Mivukuto ikisukumwa ovyo, huyu haraka na yule polepole, hewa inaingia kwa vishindo na joto linashuka. Watu wanaoimba pamoja hupiga pamoja, na saa zikipita na mabega yakichoka, wimbo ndio unaoendelea kushika mwendo. Sasa anayetaka kututenganishia wapi katika tanuri lile palikuwa na hesabu na wapi palikuwa na sanaa, atapata shida. Udongo wa kichuguu ni kemia. Dawa ya kijishimo ni imani. Wimbo ni vyote viwili kwa wakati mmoja, na mtu aliyeuimba ndiye huyohuyo aliyekuwa akitazama rangi ya moto kujua kama mawe yameanza kuyeyuka.

Schmidt hakuwa peke yake. Alikuwa na Donald Avery, mhandisi na mtaalamu wa metali wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani. Walipima joto ndani ya tanuri, wakachukua sampuli za mavi ya chuma na za bonge la chuma lililopatikana. Matokeo yao yalichapishwa katika jarida la *Science* mwezi Septemba 1978, na yalishtua watu wengi. Walisema kwamba karibu na midomo ya mabomba joto lilipita nyuzi 1,800 za Selsiasi. Sababu, kwa maelezo yao, ni yale mabomba yaliyosukumwa ndani: hewa ilipita katika udongo uliokwisha kuwa mwekundu kwa moto, ikafika kwenye mkaa ikiwa tayari imepata joto. Wazo kama hilo ndilo ambalo huko Uskoti James Beaumont Neilson alilipatia hataza, la kupuliza hewa moto kwenye matanuri, mwaka 1828. Na yale majani ya kinamasi nayo yalikuwa na kazi yake: mavi ya chuma yaliyoyeyuka yalitiririka juu ya majani hayo, kaboni yake ikaondoa oksijeni iliyoshikamana na chuma, na kiasi kingine cha kaboni kikaingia ndani ya chuma chenyewe. Chuma chenye kaboni ya kadiri ndicho pua.

Lakini tanuri la wazee wa mwaka 1976 lingeweza kuwa ujuzi wa juzi tu. Ndipo Kemondo ikaingia katika historia hii. Ukipanda gari Bukoba mjini kuelekea Muleba utapita Kemondo, mahali ambapo wengi wanapajua kwa bandari yake ziwani. Pale, Schmidt na wenzake walifukua mabaki ya matanuri 13 yenye umbo linalofanana sana na lile la Nyungwe, na mkaa wake ulipopimwa umri ulionyesha miaka kati ya 1,500 na 2,000. Watu waliokuwa wakiishi kando ya Ziwa Viktoria, waliofinyanga vyungu vile vya kale ambavyo wanaakiolojia huviita vya Urewe, walikuwa wakitengeneza chuma cha namna hii zama za Dola la Kirumi.

Haki inataka tuseme kwamba si kila mtaalamu alikubali. Mwaka 1986 J. E. Rehder, mtaalamu wa metali, aliandika kupinga hoja ya hewa iliyopashwa moto, akisema hewa haiwezi kupata joto la maana kwa kupita muda mfupi vile ndani ya bomba. Wengine wamepinga kwa njia nyingine. Mabishano hayo ni ya kweli na hayajaisha. Ila hakuna anayebisha kwamba chuma kilitoka, kwamba kilitoka kwa ustadi mkubwa, na kwamba ustadi huo ulikuwa na umri mrefu kando ya ziwa letu.

Na Schmidt alijuaje pa kuanzia kuchimba Buhaya? Alielekezwa na hadithi. Huko Katuruka, upande wa Maruku, kulikuwa na mti mkubwa wa tambiko ulioitwa Kaiija. Wazee walisimulia kwamba mfalme Rugomora Mahe, aliyetawala Kyamutwara ya kale katika karne ya 17, aliwakusanya wahunzi wake na kuwaamuru wajenge mnara wa chuma wa kufika mbinguni, aone kuna nini huko. Mnara ulipanda, ukapanda, kisha ukaanguka. Kaiija, walisema, ndipo chuma cha mnara ule kilipofuliwa.

Mtu anayejivunia akili ya mantiki angecheka na kuondoka. Mnara wa kwenda mbinguni! Schmidt alisikiliza, akauliza palipokuwa na ikulu, palipokuwa na kiwanda cha mhunzi, kisha akachimba pale alipoelekezwa. Akakuta mabaki ya ufuaji wa chuma ya zama za mfalme yule. Chini zaidi, penye Kaiija, akakuta kazi ya chuma ya kale kupita Rugomora Mahe kwa mbali mno. Mkaa wa hapo ulitoa tarehe za karne kadhaa kabla ya Kristo. Tarehe hizo nazo zimebishaniwa, kwa kuwa mkaa wa mti mzee huweza kuonyesha umri mkubwa kuliko wa moto uliouchoma. Hata ukizipunguza, bado watu wa Katuruka walikuwa wamelikumbuka eneo la chuma kizazi baada ya kizazi kwa muda unaotia kizunguzungu, na walilikumbuka kwa kulitungia hadithi nzuri ambayo mtoto akiisikia mara moja haisahau.

Jambo hili linanigusa kuliko hata zile nyuzi 1,800. Takwimu peke yake isingedumu. Hadithi ya mnara ilibeba takwimu ya mahali, kwa usahihi, hadi mtu mwenye jembe la akiolojia alipofika.

Wengi hudai kwamba ukuta kati ya hesabu na hadithi umo kichwani mwetu, kwa hiyo tuje kwenye ubongo. Imeenea sana imani kwamba nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo ya mantiki, lugha na hesabu, ya kulia ndiyo ya sanaa, hisia na ubunifu, na kwamba kila binadamu amezaliwa akiegemea upande mmoja. Imani hiyo ina historia yake, na sehemu ya historia hiyo ni sayansi safi. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa miaka mingi alikuwa hawezi kutamka kitu isipokuwa silabi moja, «tan». Alipofariki, Broca aliukuta ubongo wake umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Wagonjwa wengine wakafuata na uharibifu ulikuwa upande uleule. Lugha, kwa watu wengi, kweli huegemea kushoto.

Miaka mia moja baadaye, huko California, madaktari Joseph Bogen na Philip Vogel walianza kuwapasua baadhi ya wagonjwa wa kifafa kikali na kukata ule mshipi mnene wa neva, wenye nyuzi kama milioni 200, unaounganisha nusu mbili za ubongo. Mgonjwa wao wa kwanza alipasuliwa mwaka 1962. Kifafa kilitulia, na mtu alionekana mzima kabisa. Mtafiti wa ubongo Roger Sperry na mwanafunzi wake Michael Gazzaniga ndio waliogundua mambo ya ajabu chini ya utulivu huo, na Sperry akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Mwaka 1962 huohuo, tarehe 30 Januari, wasichana wa shule ya kati ya Kashasha, katika Muleba ya leo, walianza kucheka na kulia pasipo kujizuia. Kati ya wanafunzi 159, waliopatwa walifika 95, na mwezi Machi shule ikafungwa. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip walitafuta sumu kwenye chakula, wakatafuta virusi, hawakuona kitu, na katika ripoti yao ya mwaka 1963 wakasema ni mfadhaiko uliosambaa kwa watu wanaoishi pamoja. Nalitaja tukio hili kwa sababu wakati wenzetu wa California walikuwa wakichungulia ndani ya kichwa kimoja kimoja, Muleba ilikuwa inaonyesha kwamba kuna mambo ya akili ambayo hayapatikani kichwani mwa mtu mmoja. Na ujuzi wa chuma ulikuwa hivyohivyo: mganga, mvukutaji na mhunzi kila mmoja alishika kipande chake, na bila wote watatu tanuri lingebaki udongo.

Jaribio moja la Gazzaniga linastahili kuelezwa polepole. Alimchukua mgonjwa aliyekatwa mshipi ule, akauonyesha ubongo wake wa kushoto picha ya mguu wa kuku, na wa kulia picha ya nyumba iliyofunikwa na theluji, zote kwa wakati mmoja. Kisha akamwambia achague, kwa mikono miwili, picha zinazohusiana na alichokiona. Mkono wa kulia, unaotawaliwa na ubongo wa kushoto, ulichagua kuku. Mkono wa kushoto ulichagua sepetu, ya kuzolea theluji. Akaulizwa kwa nini sepetu. Upande unaosema ni wa kushoto, na upande huo haukuwa umeiona theluji hata kidogo. Ungetarajia aseme hajui. Akajibu bila kusita kwamba mguu ni wa kuku, na sepetu inatakiwa kusafishia banda la kuku.

Soma tena jibu hilo. Upande tunaoambiwa kuwa ni wa mantiki kavu ndio uliotunga hadithi, papo hapo, ili mambo yaelewane. Gazzaniga na mwenzake Joseph LeDoux walilieleza jaribio hilo katika kitabu chao cha mwaka 1978, mwaka uleule ambao *Science* ilichapisha habari za tanuri la Wahaya. Tatizo ni kwamba yaliyofika mitaani hayakuwa hayo. Mwaka 1979 Betty Edwards alitoa kitabu cha kufundisha kuchora kilichojengwa juu ya dhana ya upande wa kulia, kikauzwa sana, na baada yake yakaja madodoso ya magazetini ya kumwambia mtu yeye ni wa kushoto au wa kulia. Sperry mwenyewe alionya kwamba wazo hilo ni rahisi mno kutiwa chumvi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, wakiongozwa na Jeff Anderson, walichunguza picha za ubongo za watu 1,011 wenye umri wa miaka 7 hadi 29. Waliona kazi fulani zinaegemea upande fulani, kama Broca alivyosema. Mtu wa upande mmoja hawakumpata. Nusu zote mbili zilikuwa zikifanya kazi, kwa kila mtu.

Kwetu imani hii imeota mizizi mahali inapouma zaidi, shuleni. Hamugembe, kama kwingine katika Manispaa ya Bukoba, utasikia mtoto wa kidato cha pili akiambiwa na watu wanaompenda kabisa kwamba kichwa chake si cha sayansi. Akifika kidato cha tatu, mchepuo umeshaamuliwa. Akivuka kidato cha nne, inakuja tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo: PCM na PCB za sayansi upande huu, HGL na HKL za sanaa na lugha upande ule, na kati yake ukuta. Anayechora vizuri hupelekwa kwenye historia, kana kwamba fizikia haina michoro. Anayepata alama nzuri za hesabu huambiwa ushairi ni kupoteza muda. Na katika mkoa huu wa Kagera, uliojijengea jina kwa shule kama Ihungo na Nyakato, maneno ya mwalimu huwa na uzito wa hukumu.

Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, jumla zikafika 65, zikiwamo za muziki, sanaa na michezo. Ni hatua njema na ninaipongeza. Ila kuongeza vyumba hakuondoi ukuta kama mzazi na mwalimu wanaendelea kuamini kwamba ukuta umo ndani ya fuvu la mtoto. Mtoto anaweza kuwa hapendi kemia kwa sababu hajawahi kuona maabara yenye vifaa, au kwa sababu alifundishwa kwa kukaririshwa. Hizo ni sababu zinazorekebishika. Kumwambia ubongo wake ndio ulivyo ni kumfungia mlango kwa hoja ambayo sayansi yenyewe imeikataa.

Pitia karakana za kuchomelea Hamugembe utaona jinsi jambo hili lilivyo wazi. Fundi anayetengeneza geti anapima nondo kwa futi, anakata pembe ili zikae sawa, kisha anakunja maua na mishale ya urembo kwa jicho tu, bila kuchora popote. Mteja analipia vyote: geti lifunge bila kukwama, na lipendeze. Hakuna anayemuuliza fundi yule ametumia upande gani wa kichwa. Chuma anachokichomelea kimetoka mbali, na huenda hajawahi kuambiwa kwamba safari fupi ya gari kutoka karakana yake kuna mahali watu walikuwa wakikitengeneza wenyewe kabla ya Mtume kuzaliwa.

Wala si kosa lake. Schmidt aliporudi Buhaya miaka ya baadaye alikuta wengi waliokuwa wakimsimulia wamekwisha kuondoka. Baadhi ni uzee. Wengi ni UKIMWI, uliotambuliwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1983 katika mkoa huuhuu wa Kagera, ukachukua watu wazima wa kizazi kizima pamoja na yale waliyokuwa wameyapokea kwa wazazi wao. Mnyororo wa kupokezana ulikatika katikati. Wenyeji wa Katuruka ndio waliosimama kuokoa kilichobaki, wakakusanya simulizi na kuhifadhi eneo lao la urithi. Filamu *The Tree of Iron* ya mwaka 1988 imebaki na sura na sauti za wazee wale kazini.

Walimu wa kemia wa Bukoba na Muleba wana somo la kuondoa oksijeni kwenye madini ya chuma, na wanalifundisha kwa mchoro wa tanuri la Ulaya. Nawaomba walifundishe kwa tanuri la Kemondo, wakiwa wamekaa na mwalimu wa historia na mwalimu wa muziki katika kipindi kimoja, na wanafunzi wa michepuo yote wakiwamo. Nyenzo zipo: ripoti za uchimbaji, filamu, na eneo lenyewe la Katuruka ambalo basi la shule linafika na kurudi kwa siku moja. Na mwenye babu au bibi anayekumbuka hata ubeti mmoja wa nyimbo za mivukuto, amrekodi wiki hii kwa simu aliyonayo mkononi.